Golf, Bel-Air, Kasapa au Luwowoshi: nyumba ya kupanga Lubumbashi ukija na watoto

Mdogo wangu alipopata kazi ya mgodi kule Fungurume, kitu cha kwanza alichonitumia kutoka Kalemie, kwenye ziwa Tanganyika, hakikuwa habari ya mshahara. Zilikuwa picha kumi na moja za nyumba mbili, alizopewa na komisyonere (dalali wa nyumba) mmoja wa WhatsApp. Moja ya Golf: ukuta mweupe, geti la chuma, maua mlangoni. Nyingine ya Luwowoshi: mpya kabisa, vigae vinang'aa, uwanja wa kuchezea mpira, na kodi haifiki nusu ya ile ya kwanza. Chini ya picha aliandika: “Yaya, chagua.” Yaya kwetu ni dada mkubwa.

Nikamuuliza, nani atalala humo?

Kazi za upande wa Fungurume na Kolwezi wengi huzifanya kwa zamu. Unalala kambini majuma kadhaa, unarudi Lushi, ndivyo tunavyoita Lubumbashi, kupumzika, unaondoka tena. Kolwezi iko kama kilomita 300 kutoka hapa, hakuna wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini mdogo wangu katika maswali yake yote alitaka kujua barabara ya kutoka mjini kwenda Likasi iko karibu na nyumba gani. Nikamwambia: wewe utakuwa mgeni katika nyumba hiyo. Wenyeji ni wifi yangu na watoto wanne, watatu wao wa shule. Tutafute nyumba ya wenyeji.

Nimekaa mji huu miaka kumi na sita, nimehama mara tatu: Katuba, kisha barabara ya Kasapa, sasa Bel-Air. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomwambia yeye, pamoja na yale niliyoyakumbuka baadaye nikiwa natwanga sombe (majani ya muhogo).

Golf kwanza, kwa sababu kila mgeni huanzia huko

Jina lenyewe limevutwa kama mpira. Kuna Golf Plateau, Golf Météo na nyingine nyingi, na komisyonere akiona barabara yoyote inayoelekea ziwa la Tshombe atakuambia “hii bado ni Golf”. Muulize avenyu (barabara ya mtaa), nenda uione, kisha ndiyo mzungumze bei.

Uzuri wake ni wa kweli. Parseli (viwanja) ni kubwa, kuta ni ndefu, nyumba nyingi zina foraji yake, yaani kisima cha kutobolewa kwa mashine, na tanki juu, na grupu (jenereta) iko tayari nyuma ya jikoni kwa siku za delestaji, umeme unapokatwa kwa zamu. Mwenye mgonjwa wa kutumia mashine, au mtoto mchanga ambaye maziwa yake lazima yakae kwenye frigo, asinisikilize mimi, aende Golf kama mfuko unaruhusu.

Ila ufahamu kwa nini ni ghali. Sehemu kubwa ya nyumba za huko hulipwa na kampuni, si na mtu. Mwenye nyumba akishazoea kampuni ya madini inayolipa mwaka mzima kwa mkupuo, hawezi kukushushia wewe unayelipa kwa mshahara wako kila mwezi. Kwa hiyo swali la kwanza si la mwenye nyumba, ni la mwajiri: je, kampuni itapanga nyumba kwa jina lake, au itakuwekea pesa ya logement (ya kupangia nyumba) kwenye karatasi ya mshahara? Ikipanga yenyewe, chukua Golf na ulale usingizi. Ikikupa pesa mkononi, pesa hiyo ni yako, na kila dola utakayoacha Golf ni dola ambayo haitaonekana kwenye minerval (ada ya shule) ya watoto.

Jambo la pili haliandikwi kwenye tangazo. Golf ni mahali pa watu wenye gari. Nyanya zikiisha saa kumi na mbili jioni, mama hatoki kwa miguu akarudi na nyanya. Wifi yangu haendeshi. Kalemie alizoea kumtuma mtoto kwa jirani kuomba chumvi, na samaki walikuwa wanampita mlangoni. Nilimwona kwa akili yangu nyuma ya ukuta ule mweupe, mume yuko kambini, mlinzi amesinzia getini, jirani hamjui hata jina. Nikahesabu hilo kama gharama, ingawa halina risiti.

Luwowoshi, na ndugu zake wa pembeni

Luwowoshi iko katika komini (wilaya ya mji) ya Annexe, ile inayozunguka mji kama mkanda. Nitakayoyasema yanakwenda pia kwa Kisanga, Kilobelobe na Kasungami, ingawa kila mtaa una tabia yake. Huko ndiko watu wanakojenga. Nyumba ni mpya, vyumba ni vikubwa, na kodi inakufanya ucheke peke yako. Kuna nafasi ya kulima mahindi na matembele nyuma ya nyumba, na kwa mama mwenye mikono hiyo si pesa ndogo.

Lakini picha za komisyonere zilipigwa mwezi wa Agosti. Kwetu mvua huanza kwenye Oktoba au Novemba na kwenda mpaka Aprili. Barabara ya udongo iliyokuwa nyekundu na kavu kwenye picha, mwezi wa Januari inakuwa kitu kingine. Manseba, dereva wa pikipiki ya abiria, anasimama mbali na kukuambia “mama, shuka hapa”. Nyumba ya pembeni usiilipie kabla ya kuiona imenyeshewa. Ukija wakati wa kiangazi, waulize watoto wa mtaa: “Hapa maji hufika wapi?” Watakuonyesha alama ukutani. Mtoto hana komisyo ya kutafuta.

Maji ya kunywa ni habari nyingine. Mabomba ya Regideso, shirika la maji, hayafiki avenyu nyingi za huko, watu wanaishi kwa visima na foraji za majirani. Kisima kinaweza kujaa Machi na mwezi wa Septemba au Oktoba kikatoa tope, kwa sababu miezi mitano hivi haijanyesha. Usiulize “kuna maji?” Kila mtu atajibu ndiyo. Uliza: mwezi wa kumi mlichota wapi, na bidoni (dumu la maji) ilikuwa bei gani?

Umeme nao ni hadithi. Watu wa mgodi hushangaa: waya mkubwa unaoleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ulijengwa kwa ajili ya shaba na ulianza kazi mwaka 1982. Shaba inakunywa kwanza, sisi wa mitaani tunapata kinachobaki. Katika mitaa mipya, kabini (transfoma) moja inabebeshwa nyumba nyingi kuliko ilivyopangiwa, na ikiungua wapangaji na wenye nyumba wanachanga pamoja. Nenda kaione nyumba saa moja jioni, siyo saa nne asubuhi. Saa moja jioni, wakati kila jiko limewashwa, ndipo utajua kama taa ni taa au ni mshumaa wa kioo.

Halafu parseli yenyewe ni ya nani? Mitaa mipya ina kesi za watu wawili wenye karatasi mbili za kiwanja kimoja. Hiyo si vita yako, lakini atakayetolewa vitu nje siku ya hukumu ni mpangaji. Mimi naanzia kwa shefu wa avenyu: naulizia jina la mwenye nyumba bila kumwambia kwamba nimeshaambiwa jina gani. Akitaja jina lingine, narudi zangu.

Barabara ya Kasapa

Hapa ni katikati ya hayo mawili. Lami ipo kwenye barabara kuu, magari ya kwenda mjini yanapita mapema, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko huko huko, kwa hiyo kuna maduka, fotokopi, mikate, na watu wanaosoma hadi usiku. Nilikaa huko miaka minne na sikulia. Tatizo ni kwamba unagombania nyumba na wanafunzi. Mwenye nyumba anaona faida zaidi kukata nyumba moja vyumba sita kuliko kumpa mama mwenye watoto wanne.

Kuna jambo moja la kuongeza. Novemba 2025 maji yenye kemikali kutoka kiwanda cha madini yalifurika katika sehemu za Annexe, Kasapa ikiwemo, na serikali ikasimamisha kazi za kiwanda hicho. Usikimbie mtaa mzima kwa sababu hiyo, lakini ukipata nyumba yenye kisima upande huo, uliza kisima kiko wapi kwa mteremko wa maji, na kwa kupikia tumia maji ya bomba.

Tukiwa kwenye habari ya sumu, niseme na ya bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Kuanzia 1911 pale waliyeyusha shaba kwa miaka mingi, na upepo wetu mkubwa unatoka kusini-mashariki. Moshi ulikuwa unalala upande wa kaskazini-magharibi, kama kule Penga Penga, na ardhi ya huko ilibaki na metali nzito hata baada ya moshi kupungua. Ndiyo sababu wakoloni walijenga nyumba zao mahali ambapo upepo haukuwafikishia moshi. Ukipangiwa nyumba upande ule, ukiwa na mtoto wa miaka miwili anayekula udongo, fikiri mara mbili, na usipande sombe kwenye udongo ule.

Kenya, Kamalondo, Katuba

Mtu mwenye mshahara wa mgodi anakunja uso akisikia majina haya ya komini za Lushi (Kenya hapa ni komini, si nchi). Mimi naona ni haraka mno. Kamalondo unakwenda mjini kwa miguu. Kenya una soko chini ya dirisha. Kelele zipo, muziki upo, na siku timu ya mpira ya Mazembe inacheza pale Kamalondo usipange safari ya kuvuka mtaa. Ila nyumba yenye ukuta wake peke yake ni ngumu kupata, parseli nyingi zina familia tano kwa choo kimoja. Kwa watoto wanne na mama peke yake, tuliziweka kando, kwa shida ya choo wala si kwa aibu ya jina.

Bel-Air

Nimeiacha mwisho kwa sababu ninakaa humo na ninajua nitaipendelea. Bel-Air ni ya komini ya Kampemba. Nyumba nyingi ni za zamani, kuta nene ambazo mwezi wa sita na wa saba, baridi inapowatesa watu wa ziwa, zinakuhifadhi kidogo. Watoto wa Kalemie hawakujua kuwa Lushi usiku wa Juni unaweza kushuka chini ya digrii 10. Wifi yangu alikuja na mashuka mepesi manne na bila blanketi hata moja.

Miembe ipo, bomba la Regideso lipo, ingawa maji mara nyingi huja usiku, na utamsikia mama mmoja mmoja akipanga bidoni saa nane. Soko, shule na kituo cha afya unavipata kwa miguu au kwa kipande kifupi cha gari.

Kasoro zake ni za uzee. Mabomba yamechoka, nyaya za umeme zimeungwaungwa. Malori ya upande wa viwanda yanakupitia. Na kasoro kubwa kuliko zote: parseli zimekatwa. Mwenye nyumba anakaa nyumba kubwa, wewe uko kwenye anekisi (nyumba ndogo ya pembeni), na mita ya umeme ni moja. Ukikaa hivyo, utagombana kwa sababu ya umeme kuliko kwa sababu ya kodi. Yeye ana frigo mbili na jiko la umeme, wewe una taa nne, na mwisho wa mwezi mnagawana nusu kwa nusu. Dai kashpawa (mita ya umeme wa kulipia kabla) yako mwenyewe kabla ya kutoa hata dola moja, na kabla ya kuipokea hakikisha haina deni la mpangaji aliyepita.

Upande wa pili, bayeri (mwenye nyumba) anayekaa parseli moja nawe ni mlinzi usiyemlipa. Mume akiwa kambini, kuna mwanamume anayekohoa usiku ndani ya ukuta uleule. Wifi yangu alilithamini hilo kuliko foraji.

Sasa tuweke dola mezani

Namba hizi ni za mfano tu, nilizomwandikia mdogo wangu kwenye karatasi ili aone jinsi ya kuhesabu. Bei zinabadilika kila avenyu, kwa hiyo futa zangu uweke zako. Kwa Golf na Luwowoshi nimechukulia kwamba watoto watatu wanasoma shule za mjini, upande wa Tuendelee na Imara.

| Kwa mwezi, dola | Golf | Luwowoshi | Bel-Air |
|---|---|---|---|
| Kodi | 800 | 300 | 520 |
| Gari la shule, watoto watatu | 75 | 120 | 0 |
| Mlinzi | 80 | 80 | 25 |
| Maji ya kununua | 0 | 30 | 15 |
| Umeme na mafuta ya grupu | 40 | 60 | 45 |
| Jumla | 995 | 590 | 605 |

Bel-Air nimeweka sifuri kwenye gari kwa sababu tuliamua watoto wasome shule ya hapo hapo mtaani. Ukishikilia shule ya mjini, ongeza gari nayo, na hesabu itageuka. Ndiyo maana nasema shule ichaguliwe kabla ya nyumba. Watu wengi hapa hufanya kinyume: wanapanga Julai, wanatafuta shule mwisho wa Agosti, kisha Septemba wanagundua mtoto wa miaka saba anaamka saa kumi ya usiku ili apande gari la shule. Luwowoshi na Bel-Air zimetofautiana dola 15 kwenye karatasi yangu. Tofauti iliyobaki ni saa mbili za usingizi wa watoto kila siku, na matope.

Luwowoshi inashinda sehemu moja tu, nayo ni kubwa: pesa ya kuingilia. Ukihesabu garanti (amana ya mwenye nyumba) ya miezi mitatu, mwezi wa kwanza, na mwezi mmoja wa komisyonere, unatoa mara tano ya kodi. Yaani 4,000 Golf, 2,600 Bel-Air, 1,500 Luwowoshi. Mtu ambaye bado hajapokea mshahara wa kwanza na ana 1,800 mfukoni hana mjadala. Aingie Luwowoshi miezi sita, watoto wasome huko huko, kisha ahame. Hakuna aibu.

Kuhusu hiyo garanti: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Wapo wanaoomba sita na kukuambia “ni desturi ya Lushi”. Taja sheria kwa upole, bila kupandisha sauti, uone uso wake. Mmoja kati ya wale tuliowatembelea alishuka kutoka sita hadi nne, tukaondoka. Mwingine alicheka na kusema, “Mama, wewe ni avoka?” yaani wakili, akakubali tatu. Mkataba uandikwe, upigwe muhuri kwenye ofisi ya Habitat (ya mambo ya nyumba) ya komini, kwa sababu siku mtakapokosana hiyo ndiyo ofisi ya kwanza itakayowasikiliza. Ndani yake iandikwe kama kodi ni dola au faranga, na kama ni faranga, kwa bei ya siku gani.

Na noti ziwe safi. Ya dola mia yenye kidoa cha wino au mpasuko wa ncha ya kucha itarudishwa, hata kama umeipewa benki asubuhi hiyo hiyo. Mdogo wangu alirudi mjini mara mbili kwa ajili ya noti tatu.

Kabla ya kupokea funguo, tulizunguka nyumba ya Bel-Air na daftari. Bomba la jikoni linavuja. Kioo cha chumba cha pili kimepasuka. Kufuli ya mlango wa nyuma haina ufunguo. Alama ya maji kwenye dari ya sebule, upana wa sahani. Tukapiga picha, mwenye nyumba akatia sahihi kila ukurasa huku akinung'unika kwamba watu wa Kalemie hawaamini watu. Wifi yangu akamjibu kwamba watu wa Kalemie huhesabu samaki kabla ya kumlipa mvuvi, na yule mzee akacheka mpaka akasahau kudai pesa ya taka.

Waliingia Jumamosi. Mdogo wangu alibeba kitanda, akafunga pazia moja, na Jumatatu basi la kampuni likamchukua. Mwezi huo wa kwanza alilala humo usiku tisa. Aliporudi zamu ya pili alinipigia simu kutoka barabarani, amesimama na begi lake: “Yaya, geti letu ni la bluu au la kijani?”